Jumla Iliyo Sahihi: Maneno Machache Juu ya Somo la Kompyuta kwa Wanaoanza Chuo

(Hotuba iliyosomwa bwaloni katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, mbele ya walimu na wanafunzi.)

 

Kamati imeniomba nieleze kazi ninayoifanya, nayo ni kufundisha somo la kompyuta kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Ndugu Katibu amenionya nisizidishe nusu saa, kwa kuwa baada yangu kuna mpira kati ya wazee na vijana, na baada ya mpira kuna pilau. Nitajitahidi kulitii onyo hilo.

Katika ratiba ya chuo somo hili limeandikwa kwa jina refu, lakini wanafunzi huliita tu "Word na Excel". Linachukua muhula mmoja. Tunafundisha kupanga mafaili, kuandika barua na ripoti kwa Word, kufanya hesabu kwa Excel, na kutayarisha maelezo ya kuonyesha ukutani kwa PowerPoint. Wengi hulihesabu kuwa ni somo la kupitia tu, la kujaza alama huku akili ikiwa kwenye masomo yanayoitwa makubwa. Nimekuja kusema kwamba mtazamo huo una hasara, na hasara yenyewe huonekana miaka kadhaa baadaye, aghalabu mahali penye fedha za watu wengine.

OFISI YA ZAMANI NDANI YA MASHINE MPYA

Wazee waliopo hapa wanajua kwamba kompyuta si mgeni wa jana. Kompyuta ya kwanza ya Serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pasipo kibali, na masharti hayo yalilegezwa baada ya miaka mingi. Kwa hiyo waliomaliza hapa katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliingia kazini wakakuta taipureta, karatasi ya kaboni, leja na masijala. Wengi walistaafu wakidhani kwamba maarifa yao yamepitwa na wakati.

Ndugu zangu, hayakupitwa. Kitufe cha Shift mnachokiona kwenye kibodi kilianza katika taipureta ya Remington ya mwaka 1878. Ukikibonyeza, kigari cha karatasi kilihama ili herufi kubwa ipate kupiga. Mpangilio wa herufi Q, W, E, R, T, Y unatoka katika taipureta za miaka hiyohiyo ya 1870. Herufi Cc zilizomo katika barua pepe ni kumbukumbu ya ile nakala ya kaboni aliyopelekewa bosi wa pili. Leja imekuwa Excel. Kabati la majalada limekuwa folda.

Mzee aliyefanya kazi masijala anajua kwa nini kila jalada lilikuwa na namba yake. Kijana wa leo huliita faili lake "kazi". Akilirekebisha huliita "kazi mpya". Kisha "kazi mpya ya mwisho", na hatimaye "mwisho kabisa". Usiku wa kuamkia siku ya kukusanya hajui ni lipi la kumpa mwalimu. Mimi huwafundisha waanze jina la faili kwa mwaka, kisha mwezi, kisha siku, halafu neno moja la kueleza yaliyomo. Mafaili yakiitwa hivyo hujipanga yenyewe kwa tarehe. Hayo si maarifa ya kompyuta. Ni maarifa ya masijala, na mzee yeyote wa hapa angeweza kuyafundisha.

ANAYEFIKA BILA KUWAHI KUIGUSA

Katika darasa la watu 60, kompyuta huwa chache kuliko wanafunzi, na wawili au watatu hushirikiana moja. Hapo ndipo tatizo la kwanza linapozaliwa. Aliyewahi kuitumia hukishika kipanya. Asiyewahi hukaa pembeni akatazama, akitikisa kichwa kuonyesha kwamba ameelewa. Simu anaijua vizuri mno, pengine kumzidi mwalimu, lakini kibodi kamili inamtisha, na aibu inamzuia kusema. Muhula unakwisha akiwa ametazama tu.

Darasani kwangu kuna sheria moja: asiyejua ndiye anayeshika kipanya, na anayejua huongoza kwa mdomo, mikono ikiwa mgongoni. Mwanzoni kazi hwenda polepole sana na wajuzi hunung'unika. Kufikia wiki ya nne manung'uniko huisha, kwa sababu anayejua naye hugundua kwamba kumweleza mwenzake jambo kwa maneno ni kazi ngumu kuliko kulifanya mwenyewe.

Asiyepata msaada huo hukimbilia steshenari. Huandika kazi yake kwa kalamu, huipeleka dukani, akachapiwa kwa bei ya kila ukurasa. Siwalaumu wenye maduka. Wanafanya kazi halali na wengi ni mafundi hodari. Lakini mwanafunzi anayechapiwa kwa miaka 3 amemlipa mtu mwingine ajifunze badala yake. Siku ya usaili huwekwa mbele ya mashine, akaambiwa atengeneze orodha ya wafanyakazi 10, mishahara yao na makato yao, kwa dakika 30. Steshenari haipo pale. Vijana kadhaa wamenirudia baada ya siku kama hiyo wakiomba niwafundishe upya, wakiwa na vyeti vizuri mkononi.

Kwa hiyo, wadogo zangu, anayefika chuoni bila kuwahi kuigusa kompyuta hajachelewa. Muhula mmoja unamtosha kabisa, mradi aulize.

KUIELEZA MASHINE UNACHOTAKA

Sasa niseme kidogo juu ya Word. Mwanafunzi anayetaka kuipeleka tarehe upande wa kulia wa karatasi hubonyeza kitufe cha nafasi mara 20. Anayetaka kuanza ukurasa mpya hubonyeza Enter mpaka afike huko. Kwa macho barua inapendeza. Kisha anaongeza mstari mmoja juu, na kila kitu chini kinahama: tarehe inaanguka, na kichwa cha sura kinajikuta peke yake mwisho wa ukurasa.

Tunachofundisha ni kuieleza mashine maana ya kila kitu. Ukitaka ukurasa mpya, shikilia Ctrl ubonyeze Enter, nayo itaelewa kwamba hapo ni mwanzo wa ukurasa hata ukiongeza maneno juu. Ukiandika kichwa cha habari, usikinenepeshe tu herufi. Kipe mtindo wa kichwa cha habari uliomo ndani ya programu. Ukifanya hivyo tangu mwanzo, ripoti ya kurasa 60 itajitengenezea yenyewe orodha ya yaliyomo pamoja na namba za kurasa, na ukiongeza aya katika ukurasa wa 5 utaiagiza tu ijirekebishe. Nimewaona wanafunzi wakikesha usiku 2 kuhesabu kurasa kwa kidole, kazi ambayo mashine ingeimaliza kabla hawajapiga chafya.

ZOEZI LA SHILINGI 20,000

Ndugu Mwenyekiti, kiini cha maneno yangu ni hapa, katika Excel.

Kila muhula nawapa wanafunzi karatasi yenye majina 12 ya wanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa. Kila mmoja ametoa shilingi 20,000 mwezi huo. Naagiza waingize majina na fedha, kisha watafute jumla kwa fomula ya SUM. Hakuna zoezi jepesi kuliko hilo. Mtoto wa darasa la 5 atakwambia kwamba jibu ni 240,000.

Hata hivyo, katika kila darasa wapo wanaopata 240,000, wapo wanaopata 180,000, na wapo wanaopata 0. Wote wameandika fomula ileile, na wameiandika sawasawa.

Sababu ni ile alama tuliyorithi madukani na katika stakabadhi. Sisi huandika 20,000/=, na mtu yeyote hapa akiiona anasoma shilingi elfu ishirini kamili. Excel haina mazoea hayo. Ikikuta mkwaju na alama ya sawasawa baada ya tarakimu, hulichukua andiko zima kuwa ni maneno, kama jina la mtu. Nayo SUM inapojumlisha safu, huyaruka maneno. Haipigi kelele wala haiweki alama nyekundu. Hutoa jumla ya zile inazozitambua kuwa namba, na jumla hiyo inang'aa kwenye kioo kama jumla nyingine yoyote. Aliyepata 180,000 ameandika 20,000/= kwa wanachama 3. Aliyepata 0 ameandika hivyo kwa wote 12.

Dalili ilikuwepo. Usipoigusa mipangilio, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, na maneno hukaa kushoto. Tena kuna fomula nyingine, COUNT, inayohesabu visanduku vyenye namba peke yake. Ukiona wanachama ni 12 na COUNT inakupa 9, unajua kuna 3 ambao mashine haikuwaona. Dawa yake ni kuandika tarakimu tupu, kisha kuiagiza Excel yenyewe iweke alama ya fedha kwa macho ya wasomaji.

Sasa lichukueni zoezi hilo mlitoe darasani, mlipeleke kijijini. Mweka hazina ni mama mwaminifu. Mjukuu wake aliyesoma chuo amemsaidia kuingiza hesabu katika kompyuta. Siku ya mkutano, chini ya mwembe, anasoma: jumla ya mwezi huu ni shilingi 180,000. Wanachama wanajua walitoa 240,000. Elfu 60 ziko wapi? Hakuna hata mmoja atakayesema ni mkwaju. Watasema amezila. Akijitetea kwamba kompyuta ndiyo iliyosema, atakuwa amejikaanga zaidi, maana watu wanaamini kwamba kompyuta haikosei. Jina la mtu lililojengwa kwa miaka 40 laweza kubomoka mchana mmoja kwa sababu ya alama mbili.

Ndiyo maana nasema somo hili halistahili kudharauliwa. Anayelisoma vizuri hutoka na tabia moja: kutoiamini jumla yoyote mpaka ameipima kwa njia ya pili.

WAKUBWA NAO HUPITIWA

Msidhani kwamba haya ni mambo ya vikundi vya kijijini peke yake. Excel na programu zote za jinsi hiyo zina ukoo wake. Mwaka 1978 Dan Bricklin, mwanafunzi wa shule ya biashara ya Harvard huko Marekani, alimtazama profesa akifanya hesabu ubaoni. Kila profesa alipobadili namba moja, ilimpasa afute na kuandika upya namba nyingine zote zilizotegemea ile ya kwanza. Bricklin akafikiri juu ya ubao utakaojirekebisha wenyewe. Mwaka 1979, yeye na mwenzake Bob Frankston wakatoa programu ya VisiCalc. Excel yenyewe ilifuata mwaka 1985. Programu hizi, basi, zilitokana na mwanafunzi aliyekuwa macho darasani.

Na mwanafunzi mwingine ndiye aliyeonyesha hatari yake. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walitoa makala juu ya madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi. Makala hiyo ilitajwa sana na wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliotaka serikali zipunguze matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts mjini Amherst, alipewa zoezi la darasa la kurudia hesabu za makala yoyote mashuhuri. Alichagua hiyo, na kila alipojaribu hakupata majibu yaleyale. Aliomba faili lenyewe la Excel, akapewa. Alipolifungua aliona kwamba fomula ya wastani ilianzia mstari wa 30 na kuishia wa 44, badala ya kufika wa 49. Nchi 5 kati ya 20 ziliachwa nje.

Mwaka 2013 Herndon na walimu wake wawili walitangaza kasoro hiyo pamoja na nyingine walizoona katika uchaguzi na upimaji wa takwimu, na hizo nyingine ndizo zilizokuwa na uzito zaidi. Waandishi walikiri lile kosa la fomula, ingawa waliendelea kuushikilia msingi wa hoja yao. Wabishane wachumi, mimi nataka wadogo zangu waone jambo moja. Aliyeligundua kosa hilo alikuwa mwanafunzi aliyefungua kisanduku na kusoma fomula iliyomo. Kazi hiyo tunaifundisha katika muhula wa kwanza.

Tena mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Uviko, idara ya afya ya umma ya Uingereza ilikuta kwamba wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku, kuanzia tarehe 25 Septemba hadi tarehe 2 Oktoba. Orodha zilikuwa zimepitishwa katika aina ya zamani ya faili la Excel, ambayo mwisho wake ni mistari 65,536. Ilipojaa, iliyozidi ilibaki nje. Wagonjwa wenyewe walipewa majibu yao, lakini kazi ya kuwatafuta watu waliokutana nao ilichelewa. Hapa napo mashine ilikaa kimya.

VITUFE HUBADILIKA

Mtu ataniuliza: programu hizi hubadilika kila miaka michache, je, tunachofundisha si kitapitwa? Kweli, vitufe huhama. Aliyekariri kwamba kitufe fulani kiko juu kushoto hupotea siku kikihamishwa. Lakini aliyeelewa kwamba namba si neno, kwamba kichwa cha habari kina mtindo wake, na kwamba kila fomula ina mahali inapoanzia na inapoishia, huyo atatumia programu yoyote. Asiyeweza kununua Word na Excel anaweza kuipata LibreOffice bila malipo, nayo hufanya kazi hizo zote. Hata lugha isiwe kisingizio: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Walionyesha kwamba mambo haya yote yanasemeka kwa lugha yetu.

Siku hizi pia kuna akili mnemba inayoweza kukuandikia fomula au barua ukiiomba. Siwakatazi wanafunzi kuitumia. Nawaambia tu kwamba fomula iliyoandikwa na mwingine husomwa kabla ya kutiwa sahihi, kama tulivyosoma barua za mpiga chapa kabla ya kuzipeleka posta. Atakayesimama chini ya mwembe kuisoma jumla ni wewe.

OMBI

Ndugu Mwenyekiti, muda unanikimbia, na naona vijana wameanza kutazama kiwanja. Nina ombi moja kwa wazee na moja kwa wanafunzi.

Kwa wazee: kila mwaka tunachanga fedha za rangi, madawati na mashine. Tuendelee kuchanga. Lakini mashine isiyo na mtu wa kukaa karibu nayo hufunikwa kitambaa na kufungiwa. Wapo miongoni mwetu wahasibu, makarani, mabwana masijala na walimu waliostaafu, wanaokaa karibu na shule hii. Naomba 6 tu wajitolee, kila mmoja Jumamosi mbili kwa muhula, saa 2 kila mara. Asiyejua kompyuta asihofu. Atafundisha kukagua leja na kupanga majalada, na kijana ataonyesha vitufe. Mimi nimekwisha kumpa Ndugu Katibu jina langu.

Kwa wanafunzi: mkifika chuoni na kulikuta somo hili kwenye ratiba, msilipitie. Kaeni mbele. Kishikeni kipanya. Kazi yenu chapeni wenyewe, hata kwa kidole kimoja. Hifadhini kila dakika chache, kwa sababu umeme hauagi unapoondoka, na wekeni nakala ya pili nje ya mashine. Na kabla ya kumpa mtu jumla yoyote, hesabuni kwanza kama wote 12 wamo.

 Shule yetu na idumu.